Mpwa wangu kaletewa mkataba wa MMA, mapambano matano. Asaini?

Fundi wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, Ngamiani. Mambo ya kupigana nayajua kwa kutazama tu, jirani yangu ana kibanda umiza na usiku wa UFC, lile shirika kubwa la mapambano la Marekani, hatulali.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu wa Pongwe, miaka 22. Alianza na judo, akaingia ngumi, siku hizi anajiita mtu wa MMA, ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Kapigana mara nne, kapoteza moja. Juzi kaja na karatasi tisa, Kiingereza kitupu, promota anataka sahihi kabla ya Ijumaa. Dada kaniambia, "Wewe ndiye mjomba, soma." Nikasoma na kijana wa duka la fotokopi aliyesoma kunizidi, tukaambulia haya: mapambano matano. Laki tano akipanda ulingoni, laki tano nyingine akishinda. Haruhusiwi kupigana kwa mtu mwingine, hata ngumi za kawaida. Akiumia, muda wa mkataba unasimama mpaka apone. Wao wanaweza kumwacha akipoteza pambano lolote. Yeye kuwaacha wao, hakuna palipoandikwa. Tarehe ya mwisho nayo nimeitafuta kama mtu anayezamisha tyubu kwenye beseni akitafuta pancha. Sijaona hata povu.

Kila nikimuuliza kijana, jibu ni moja: "Mjomba, hata UFC ndivyo wanavyofanya." Sasa sijui hiyo ni sifa au ni onyo. Wajuzi, huko kwa wakubwa mtu anachukuliwa vipi, anashikiliwa vipi, anaachwa vipi? Nawasilisha.

Mchaga wa Kange

Asaini, mkuu. Vijana wangapi wanapigania soda na nauli? Laki tano si haba. Mkiuliza sana promota anahamia kwa mwingine.

Ndoo na Taulo

Mchaga, kaa kando kidogo. Fundi, shikamoo kama umenizidi umri, marahaba kama hujanifikia.

Nimekaa kona za mabondia miaka kumi na moja, na kabla ya hapo nilipigana mwenyewe. Nilisaini mapambano matatu na promota mmoja. Nikapigana moja. Mawili yaliyobaki nikayangoja miaka miwili nikiendesha bodaboda, na kila nikiitwa na mtu mwingine naambiwa una mkataba. Kwa hiyo hili nalijua kwa mwili, si kwa simu.

Mpwa wako hajasema uongo, UFC wanafanya hivyo. Mtu huingia akitokea mashirika madogo. Dricus du Plessis alipita EFC ya Afrika Kusini na KSW ya Poland kabla ya kufika kule na kuchukua mkanda Januari 2024. Wengine huitwa mpiganaji mwingine anapoumia siku chache kabla ya pambano. Na tangu 2017 kuna onyesho la majaribio, Contender Series: unapigana mbele ya Dana White, bosi wa UFC, ukimpendeza unapewa mkataba usiku uleule. Mkataba wenyewe huhesabiwa kwa mapambano, na malipo ni mafungu mawili kama ya mpwa wako. Wageni wengi wa miaka ya karibuni walianzia dola 12,000 kwa kupanda na 12,000 kwa kushinda. Ukipigwa umepoteza nusu, na bado kocha anadai chake.

Sasa kushikiliwa. Watu wanadhani kufuli ni ile namba, matano au manne. Siyo. Namba inaisha ukipigana, na anayepanga upigane lini ni yeye. Ukiumia, siku zinaongezwa. Ukikataa mpinzani, zinaongezwa. Ukisema umestaafu, mkataba unalala na kukungoja. Ukiwa bingwa ndiyo kabisa, kuna kifungu kinachokuongezea muda kwa sababu tu mkanda uko kiunoni mwako. Yaani kadiri unavyoshinda ndivyo mlango unavyosogea mbali.

Mtazame Francis Ngannou. Mtoto wa Kamerun, kachimba mchanga kijijini Batié, akawa bingwa wa uzito wa juu Machi 2021. Januari 2022 akautetea mkanda dhidi ya Ciryl Gane, goti likiwa bovu, kwa dola 600,000. Akataka mambo kadhaa, mojawapo ruhusa ya kupigana ngumi. Hawakuelewana. Kilichomwokoa ni kwamba mkataba wake ulikuwa na ukomo wa muda. Akakaa, akatibiwa goti, akangoja. Januari 2023 akatoka huru, mkanda akauacha. Mei akasaini PFL, shirika jingine la MMA. Oktoba mwaka huohuo yuko Riyadh kwenye ngumi anamwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu, ingawa pointi alipewa Fury na majaji waliogawanyika. Usiku ule ulimlipa kuliko usiku wowote aliopigania UFC.

Bila tarehe ya mwisho angekuwa anangoja mpaka leo. Hiyo ndiyo pancha yako, Fundi. Umeipata, ila hukuiona kwa sababu ni kitu ambacho hakipo.

Kuachwa ni rahisi. Jon Fitch alikuwa na ushindi 14, vipigo 3 na sare 1 ndani ya UFC. Februari 2013 akapoteza kwa Demian Maia, wakamwacha akiwa bado kwenye kumi bora. Mkataba unaruhusu, basi. Demetrious Johnson ndiye kituko: alitetea mkanda mara 11 mfululizo, akaupoteza Agosti 2018, na mwaka huohuo UFC na ONE, shirika la Asia, wakabadilishana wapiganaji, Johnson akaenda kule, Ben Askren akaja huku. Mchezo wetu haukuwa umezoea biashara ile, ila Johnson mwenyewe alifurahi kuondoka.

Fundi wa Ngamiani

Marahaba, nimekuzidi, nadhani. Ahsante sana. Nimerudi kwenye karatasi. Ukurasa wa saba kuna maneno kwamba hata mkataba ukiisha, akipata ofa kwingine lazima awaonyeshe wao kwanza, na wakilipa sawasawa na ile ofa anabaki kwao. Hii nayo ni ya kawaida?

Karani wa Bandari

Ni ya kawaida na ndiyo mbaya kuliko zote. Mpiganaji Eddie Alvarez alimaliza mapambano yake Bellator, shirika jingine la Marekani, mwaka 2012, UFC wakamletea ofa, Bellator wakasema tunalipa sawa. Ikawa kesi. Alikaa zaidi ya mwaka bila kupigana, akarudi Bellator Novemba 2013, na UFC akaingia 2014. Mwaka 2016 akawa bingwa huko. Mwaka uliopotea haukurudi.

Mimi kazi yangu ni makaratasi ya mizigo, si sheria, lakini mkataba ni mkataba. Wapiganaji wenyewe waliishtaki UFC mwaka 2014, wakidai mikataba hii imetumika kuua ushindani na kushusha malipo. Jaji aliikataa suluhu ya kwanza ya dola milioni 335, wakarudi na milioni 375, akaipitisha mwanzoni mwa 2025. Watu hawalipi fedha hizo kwa jambo la kawaida-kawaida. Na Marekani ina sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda mabondia, yenye jina la Muhammad Ali. MMA haimo.

Kwa mpwa wako ningeomba haya: tarehe ya mwisho, kwa tarakimu. Mapambano yasiyopungua mawili kwa mwaka, wasipotoa yuko huru. Matibabu ya jeraha la kizimbani ni juu yao (kizimba cha kupigania, usije ukamtisha dada). Ukurasa wa saba ufutwe au uwe na mwisho wake. Na ngumi asizuiwe. Hapa ni Tanga jamani. Bondia wetu Mwakinyo alikwenda Birmingham, Uingereza, Septemba 2018 akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, jina likapaa. Simu ya namna ile ikimjia kijana wenu, kwa karatasi hiyo anayeipokea ni promota. Kabla ya sahihi mpelekeeni wakili, hata kwa kuchangishana, na afisa michezo aione.

Mchaga wa Kange

Mimi nilisema laki tano si haba. Sikusema ukurasa wa saba.

Fundi wa Ngamiani

Mrejesho, wakuu. Nimempigia promota mwenyewe jana baada ya Alasiri, nimejitambulisha kuwa mjomba. Tarehe ya mwisho kasema ataandika, miezi 18. Ngumi za kawaida, ruhusa kwa barua kila pambano. Ukurasa wa saba kasema "tutaona". Nilipofika kwenye matibabu simu ikakatika, nikapiga tena, haikupokelewa. Labda chaji.

Kijana kaninunia. Kaja asubuhi kuchukua pampu, kanisalimia kwa kidevu. Dada naye kapiga mara tatu kuuliza Ijumaa ni lini, kana kwamba hana kalenda. Karatasi nimezifungia kwenye droo ya spoku mpaka ije ile yenye miezi 18, na ufunguo ninao mimi.