Naomba ushauri: nianze na Kiarabu fasaha au lahaja ya Hadhramaut?

Ndugu zangu, babu yangu mzaa baba alitoka Hadhramaut, kusini mwa Yemen, lakini sisi tulilelewa kwa Kiswahili, na Kiarabu nilichonacho ni cha kusomea Kurani tu. Hamu ya kujifunza imeniingia kupitia nyimbo za Abu Bakr Salem Balfaqih, mwimbaji mzaliwa wa mji wa Tarim huko Hadhramaut aliyefariki mwaka 2017, ambazo shangazi huziimba kwa moyo na kunifasiria beti chache kabla hajachoka.

Tatizo ni kwamba masomo niliyoyaanza ni ya Kiarabu fasaha, lugha ya vitabu na taarifa za habari, ilhali nyimbo nyingi kati ya hizo, kama mazungumzo ya wazee wetu, zimo katika lahaja ambayo mwalimu wangu, kwa bahati mbaya, huidharau. Je, niendelee na fasaha kwanza, au nimrekodi shangazi, kwa ridhaa yake, nijifunze kutoka kinywani mwake angali na kumbukumbu nzuri? Na kwa aliyejifunza ukubwani kupiga udi, ala ya nyuzi ya muziki wa Kiarabu: masikio yalizoeaje robo toni (hatua za sauti zilizo ndogo kuliko nusu toni) za maqam, yaani mifumo ya sauti ya muziki huo, kama rast na bayati, na je, mwalimu ni lazima?