Watu hupenda kusoma hadithi za aina gani haswa? Nataka kuweka vitabu kwa saluni

Msusi_Umoja

Habari zenu wadau. Niko na saluni ndogo hapa Umoja, Nairobi, viti tatu na benchi moja. Mwezi uliopita stima ilipotea ikarudi na nguvu, TV ikaungua, na badala ya kununua ingine nimefikiria niweke rafu ya vitabu. Vitabu za hadithi, sio yale majarida ya mitindo, hayo mtu huangalia picha dakika kumi amemaliza. Mteja akikuja kusukwa zile ndogo ndogo za mpaka kiunoni anakaa masaa sita, simu inaisha chaji, inabaki tu kutusikiliza tukiongea.

Sasa shida ni kuchagua. Mimi nasomanga hadithi za familia, za ndoa na mashamba na mama mkwe, kitabu ikianza na maiti naiweka chini. Yule dada tunasuka naye anataka mapenzi na hataki kitu kingine. Wiki jana nikaweka kitabu moja nione itakuwaje, riwaya ya Kiswahili kijana wangu alisoma akiwa fomu foo, mteja akaishika, akaigeuza, akaniuliza "hii si ya mtihani?" akairudisha. Iliniuma, juu hiyo kitabu naipenda sana, niliisoma mara mbili yeye akiwa shule.

Niko na elfu mbili. Nyinyi husoma hadithi za aina gani wakati hakuna mtu amewalazimisha? Na nini inafanyanga usiiweke chini?

inama_jioni

Dada nauza vitabu chini kwa lami huku Tom Mboya, hizi biashara watu huita inama juu ukitaka kitabu lazima uiname. Miaka tisa sasa, na nimezoea kuangalia mikono. Kutoka saa kumi na moja watu wakienda steji, mtu anasimama, anachukua, anasoma nyuma, halafu anafungua peji ya kwanza, na hapo ndio mauzo iko, akifika mwisho wa hiyo peji hajainua macho najua atalipa.

Kwangu zinaisha haraka ni za majambazi na za upelelezi. My Life in Crime ya Kiriamiti ilitoka 1984 na mpaka leo kijana wa miaka ishirini anakuja anaiuliza kwa jina, hata kopi imechakaa haina kava inaenda. Mi naona ni juu ni hii Nairobi yetu, msee anasoma mahali hupita kila siku, akitoka hapo anaiangalia na macho ingine. Ya pili ni mapenzi, zile nyembamba za kutoka ng'ambo, akina mama huchukua tatu kwa soo mbili na wakimaliza wanarudi kubadilisha.

Lakini nakuomba kitu moja. Kabla ulipe kitabu yoyote ya mtumba fungua peji ya mwisho. Nyingi zimeng'oka mwisho na mwenye anauza hajui. Fikiria mteja amekaa masaa sita, shingo inauma, halafu asijue nani aliua.

Mwl_Mstaafu

Mwanangu, hilo swali la "hii si ya mtihani" limenigusa maana makosa ni yetu sisi walimu. Nimefunza Kiswahili miaka mingi na nakwambia kwa uchungu, tulikuwa tunafunza mwongozo kabla ya kitabu. Mtoto anakariri maudhui, anakariri mbinu, anajua jazanda ni nini, lakini ukimuuliza alimuonea nani huruma ndani ya hadithi ananyamaza. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, ile hadithi ya Maimuna na baba yake ni ya kumtoa mtu machozi, na kuna watu wazima leo wanaikumbuka kama orodha ya sifa za wahusika na basi.

Siku moja Ijumaa baada ya chakula cha mchana, darasa limelala, nikaweka chaki chini nikaanza kuwasomea Siku Njema ya Ken Walibora kwa sauti. Bila maswali, bila kuandika. Kongowea ametoka Tanga, mama yake ameshafariki, anaingia Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, aliniuliza "mwalimu, lakini atampata?" Kwa hivyo ukiniuliza watu wanapenda nini, nitakwambia wanapenda mtu mwenye swali moja kubwa anayesafiri nalo, iwe ni mpelelezi iwe ni yatima. Usiiondoe hiyo kitabu yako. Ifunike na gazeti, na siku saluni imetulia wasomee peji mbili.

Na nyinyi mnaosema za upelelezi, msione haya hata kidogo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi 1957/58 na Mzimu wa Watu wa Kale, na ndani yake ndimo alimo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Riwaya ya upelelezi iko karibu na mlango wa kwanza kabisa wa riwaya ya Kiswahili tunayoijua leo. Bwana Msa hategemei bastola. Anakaa, anasikiliza watu wakisema uongo, anaunganisha. Saluni ndio mahali pake haswa.

askari_wa_usiku

Mi nalinda jengo Upper Hill, saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, nasoma za kutisha, za majini na mazimwi. Watu huniuliza siogopi aje nikiwa peke yangu na jibu ni kwamba naogopa, na hiyo ndio inanikalisha macho. Nyanya yangu alikuwa anatuambia hizo hadithi kando ya moto huko Kitui na sauti anaigeuza mpaka tunashikana, sijawahi pata kitabu imefika hapo lakini natafuta.

Chenye naweza kuongeza ni hadithi fupi. Mtu anasukwa anaambiwa geuza kichwa, inama, inua, riwaya nene itampotea. Hadithi ya peji nane anaimaliza kabla mfike katikati ya kichwa. Tena nunua nyepesi, juu mwenye anasukwa hawezi angalia chini, ataishika juu mbele ya uso, mkono utachoka.

Msusi_Umoja

Hiyo ya mkono walai sikuwa nimefikiria na ndio kazi yangu kila siku. Mwalimu asante sana, nimesoma hiyo ya darasa mara mbili.

Achi_Kaloleni

Naona hapa mapenzi imepitwa haraka na nimeona niandike. Mi husoma mapenzi tu, nina miaka 41, na sitaki mtu aniambie eti nitafute kitu ya maana. Mama yangu aliuza samaki huku Kaloleni na aliachia shule darasa la nne. Kusoma vizuri alijifunza na hizo hizo vitabu nyembamba, alikuwa anaweka moja ndani ya karatasi ya nailoni isipate maji ya samaki, na wateja wakipungua anaitoa. Alipolazwa mwaka wake wa mwisho macho ilikuwa imeisha, ikawa ni mimi namsomea. Kila kitabu tulijua kutoka peji ya kwanza hawa wawili wataoana. Hatukuwa tunasoma tujue kama wataoana, tulitaka kuona vile huyo mwanaume mwenye kiburi atakuja kuomba msamaha, na tukifika hapo mama anashika mkono wangu ananiambia "rudia hapo, polepole." Wadi yenye kila mtu hajui kesho itakuwa aje, hadithi yenye unajua mwisho wake ni kitu kubwa sana.

Chenye sikubaliani na ndugu wa inama ni za ng'ambo peke yake. Hizo ni majumba na theluji. Tafuta hata mbili tatu za huku kwetu, mtu anatumiwa nauli, matatu inakwama, mama mkwe anaingia bila kubisha. Hapo hata wewe wa hadithi za familia utasoma.

Na usimalize hiyo elfu mbili kwa siku moja. Kuna laibrari ya umma hapa kwetu Kaloleni na ingine Makadara, zote ni matawi ya McMillan, ile ya Banda Street yenye simba wa mawe mbele, iko hapo tangu 1931. Nenda ukae Jumamosi moja, usome peji za kwanza ujue zenye zinakushika, halafu ndio uende inama na majina kwa karatasi.

Msusi_Umoja

Nimerudi wadau, pole kwa kukaa. Nilienda Makadara Jumamosi, Jumatatu nikapita Tom Mboya. Nimechukua kumi na moja: upelelezi tatu, mapenzi nne na mbili kati yao ni za huku kwetu, hadithi fupi mbili, moja ya majini, na moja ya familia juu mimi pia ni mtu. Zote niliangalia peji ya mwisho nikiwa nimeinama hapo hapo, mbili nikazirudisha. Imebaki mia nne.

Ile ya kijana wangu niliifunika na gazeti vile mwalimu alisema. Jana mama mmoja anasukwa aliifungua, akasoma mpaka tukamaliza kichwa chote, nikamwambia unaweza enda akasema ngoja nimalize hii sura. Alikaa kwa benchi mpaka saa moja na nusu usiku. Ameniuliza kama anaweza enda nayo arudishe Ijumaa, nikamwandika jina kwa daftari. Sasa nauliza wenye mmewahi azimisha watu vitabu, mlikuwa mnashika deposti ama mlikuwa mnaamini tu?