Ukarimu wa Wamarekani: ni upendo wa kweli au ni adabu tu?

Baba Neema (Uyole, Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada wa mawazo kutoka kwa wale waliowahi kuishi Marekani, hasa waliotoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Binti yangu Neema yuko jimbo la Iowa tangu Agosti, anasomea shahada ya uzamili ya kilimo. Alipokuwa akijiandaa kuondoka, wengi walimtisha kwamba Wamarekani hawana muda na mtu na kwamba atamaliza mwaka bila kusalimiwa. Simu zake za mwanzo zilituonyesha kinyume kabisa. Watu asiowajua walimtabasamia njiani, dereva wa basi alimtakia siku njema, muuzaji wa dukani alisifia kilemba chake cha kitenge na kumuuliza anatoka nchi gani, na profesa wake, mtu mwenye mvi kichwa kizima, aliwataka wanafunzi wamwite kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo hadi leo ulimi wa Neema umelikataa.

Sasa sauti yake imebadilika. Wenzake wa darasani humwambia kwamba siku moja lazima waende kunywa kahawa pamoja, lakini siku yenyewe haitajwi. Yupo msichana mmoja aliyefanya naye kazi ya kikundi, wakacheka na kusimuliana habari za kwao, na kazi ilipokwisha yule msichana akabaki kumpungia mkono kwa mbali. Kilichomchanganya zaidi ni mzee wa nyumba ya jirani. Asubuhi moja Neema alimkuta na koleo, amekwisha kuondoa theluji yote iliyoziba njia ya mlango wake, bila kuombwa. Alimshukuru, wakazungumza kidogo juu ya baridi, naye akawa anasubiri kukaribishwa. Mzee akamtakia siku njema, akaingia kwake, akafunga mlango. Neema akaniuliza kwenye simu, "Baba, hawa watu wananipenda au hawanipendi?"

Huku Uyole, mtu akikutendea jambo kama hilo, jioni yake unampelekea hata mkungu wa ndizi, na kuanzia hapo watoto wake ni wako. Ndiyo maana nauliza: ukarimu wa Wamarekani unatoka moyoni, au ni adabu waliyofundishwa kama mhudumu wa benki anavyofundishwa? Na binti nimshauri nini?

Mwana Kihesa (Iringa)

Shikamoo, Baba Neema.

Nilisoma Minnesota, jimbo linalopakana na Iowa kwa upande wa kaskazini, na hayo unayoyaeleza nimeyaona. Kwa maoni yangu yule mzee hakumdanganya binti yako hata kidogo. Aliona jirani, akaona theluji, akafanya lililompasa, na kwa mizani ya kwao jambo likawa limekamilika. Kutomkaribisha ndani hakukuwa kumkataa, kwa sababu nyumbani kwao watu huingia kwa miadi, na hata ndugu wa damu hupiga simu kabla ya kuja. Hodi ya ghafla, ambayo kwetu ni dalili ya kupendwa, kwao huzua hofu kwamba huenda kuna dharura.

Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyekulia Ujerumani na kuhamia Marekani mwaka 1933, aliandika mwaka 1936 akiwalinganisha watu wa nchi hizo mbili. Alieleza kwamba Mmarekani humfungulia mtu asiyemjua sehemu kubwa ya nje ya maisha yake, lakini sehemu ya ndani kabisa huilinda, ilhali Mjerumani huweka ukuta mapema, na anayefanikiwa kuupita hukuta vizuizi vichache mbele yake. Kwa sisi tunaolima parachichi Rungwe na Njombe, Mmarekani ni parachichi lililoiva: kidole huzama bila taabu mpaka kinapogonga kokwa. Mgeni huumia kwa sababu alipougusa ulaini wa juu alidhani tunda lote liko hivyo.

Sababu mojawapo ni kuhamahama. Katikati ya karne ya 20, karibu Mmarekani mmoja kati ya watano alibadili makazi kila mwaka. Siku hizi ni chini ya mmoja kati ya kumi, lakini tabia zilizojengwa na uhamaji huo bado zipo. Mtu aliyezaliwa Ohio, akasomea Colorado na kuajiriwa Texas hujifunza mapema kuzungumza na yeyote aliyekaa karibu naye, kwa kuwa hana shangazi wala mwenzake wa utotoni wa kumkimbilia, na vilevile hujifunza kuachana na watu bila uchungu mwingi. Urafiki wake hushikamana na shughuli. Anaye rafiki wa darasani, mwingine wa mazoezi, mwingine wa kanisani, na shughuli ikikoma urafiki hupoa bila ugomvi wowote. Yule msichana wa kazi ya kikundi pengine hajui kabisa kwamba amemuumiza mtu.

Kwa hiyo Neema asisubiri siku itajwe, aitaje yeye. Badala ya kuitikia tu habari ya kahawa, aseme, "Alhamisi saa kumi jioni, pale maktaba, utaweza?" Ataona wengi wanakubali kwa furaha. Ajue tu kwamba kila mmoja hujilipia, isipokuwa aliyealika akitamka kwamba atalipa yeye. Zaidi ya hayo, ajiunge na kitu kinachokutana kila wiki, kama kwaya au bustani ya wanafunzi, maana huko urafiki hukua watu wanapoonana mara kwa mara kwa ajili ya jambo lilelile.

Na wanaosema kwamba Wamarekani hawawezi kudumu na mtu, hapa Iringa tunao ushahidi wa kuwajibu. KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, yaani Walutheri wenzao wa Minnesota, wameshikana mikono tangu miaka ya 1980 katika ushirika unaoitwa Bega kwa Bega, na sharika za huku zina sharika wenza kule. Ushirika huo umelelewa na vizazi zaidi ya kimoja. Lakini tazameni unavyoendeshwa: una kamati, una ratiba, una ziara zinazopangwa mapema. Mmarekani akishaliweka jambo kwenye kalenda yake, hulishika.

Binti Tukuyu (Houston)

Shikamoo baba, na pole kwa kuwaza juu ya mtoto aliye mbali. Nakubaliana na kaka wa Kihesa kwa mengi, ila naona amewapamba kidogo.

Mimi nahudumia wagonjwa. Baba yangu alipofariki kule Tukuyu, sikuweza kusafiri. Kazini walinipa maua na kadi iliyotiwa saini na kila mtu, na msimamizi wangu alinikumbatia machozi yakimlengalenga. Nilipewa siku chache za kupumzika kwa hisani ya mwajiri, maana hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri wa kawaida kutoa likizo ya msiba yenye malipo. Niliporudi kazini, hakuna aliyeligusa jambo hilo tena, kana kwamba kadi ilikuwa imelimaliza. Mnajua msiba wa Kinyakyusa ulivyo: watu wanalala pale pale, kina mama wanapika kwa masufuria makubwa, wanaume wanaota moto hadi alfajiri, na kila anayefika analia nawe upya. Mimi mazishi ya baba yangu niliyatazama kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kikombe, peke yangu, mlango umefungwa. Kwa siku zile ukarimu wa kazini kwangu haukufika nilipouhitaji, na hilo nalisema wazi ili Neema asije akadhani kwamba ana kasoro anapoona upungufu uleule.

Hata hivyo, mama mmoja wa kanisani aliniandikia ujumbe kuuliza kama ninakula jibini. Sikuelewa sababu ya swali hilo mpaka jioni. Kwa wiki nzima, kila jioni mtu mwingine alinigongea akiwa na chakula kilichookwa kwenye oveni, kimefunikwa kwa foili, bado kina moto, na juu yake kimebandikwa kikaratasi cha kunieleza namna ya kukipasha. Walikuwa wameandikishana nani alete siku gani. Karibu wote waliishia mlangoni, kwa kuwa waliamini kwamba kuingia ni kunichosha. Mmoja nilimwambia, "Tafadhali ingia ukae nami." Akavua koti, akakaa hadi usiku, akaniomba nimsimulie baba alikuwa mtu wa namna gani. Huyo ndiye rafiki yangu hadi leo. Nimewaona wengi wa aina yake tangu hapo: wanataka kukaa, ila wanasubiri kuambiwa, kwa sababu wamelelewa kuamini kwamba heshima kubwa kuliko zote ni kutomwingilia mtu.

Kuhusu swali lako la mhudumu wa benki, baba, jibu ni kwamba upo ukarimu wa kazi, na Neema autambue kwa jina lake. Mhudumu wa mgahawa anayekuuliza kwa bashasha kama chakula ni kitamu anaishi kwa bahashishi. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bahashishi zifikishe kima cha chini cha kawaida. Yapo majimbo, kama Minnesota na California, yanayodai alipwe kima kamili. Ndiyo maana watu huongeza asilimia 15 hadi 20 juu ya bili, na asiyeongeza huonekana amemdhulumu mtu. Tabasamu hilo si la uongo, lakini pia si mwaliko. Lile la mzee mwenye koleo ni jingine kabisa, kwa sababu hakuna aliyemlipa.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Upo, na nimekutana nao. Ila upweke anaouona Neema si wa wageni peke yao. Mei 2023, Daktari Mkuu wa serikali yao wakati huo, Vivek Murthy, alitoa waraka akiutaja upweke kuwa tatizo la afya ya jamii linalowagusa takribani nusu ya watu wazima wa nchi hiyo. Wenyewe wanalijua pengo hilo, na linawauma kama linavyomuuma yeye.

Mzee wa Mafinga

Baba Neema, nakuongezea kidogo kutoka upande wa pili, maana wengine tumewapokea hao watu majumbani kwetu. Vijana wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalotuma watu wa kujitolea nchi za nje, walianza kuja Tanganyika mwaka uleule shirika hilo lilipoanzishwa na Rais Kennedy, yaani 1961, na hapa nyanda za juu wengi wamefundisha katika shule za vijijini. Mmoja tulikaa naye shule moja, akifundisha fizikia. Mwanzoni alikuwa na manung'uniko mawili. La kwanza, kila aliyekutana naye alimuuliza anakwenda wapi, akahisi kwamba anapelelezwa. La pili, watu walipiga hodi huku wakifungua mlango, wakaketi, wakanyamaza, wasiseme wamefuata nini.

Tulimweleza kwamba anayekuuliza unakwenda wapi anakujali, na kwamba mtu anaweza kuja kwako kwa ajili ya kukaa tu. Alifikiri sana, kisha akaniambia kwamba kwao anayekuja bila shida yoyote ndiye anayeleta maswali. Akazoea. Mwishoni alikuwa akizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba jioni, anakaa, ananyamaza, anaondoka. Sikuona kama alibadilika moyo, kwa kuwa upendo alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Alichokosa ni mtu wa kumweleza utaratibu wetu, na bila maelezo angerudi kwao akisema kwamba Wahehe ni wapelelezi.

Kuhusu yule mzee jirani, Neema asikae na deni moyoni. Ampelekee kitu kidogo, hata majani ya chai ya Mufindi kama aliyabeba, na amwambie ni ya kumshukuru kwa theluji. Asikabidhi na kuondoka kimyakimya. Aseme kwamba kwetu jirani aliyetusaidia huwa tunamtembelea, na amuulize ni siku gani inamfaa.

Baba Neema (Uyole, Mbeya)

Nawashukuru sana. Nimemsomea Neema majibu yenu kwenye simu, na lile la msiba limemtoa machozi. Binti Tukuyu, pole sana kwa baba. Neema ameniambia kwamba yule msichana wa kazi ya kikundi amemwalika chakula cha jioni Jumamosi, na kila mgeni anatakiwa kuja na chakula chake cha kuchangia mezani. Mwaliko umeandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu. Mama yake amekasirika kidogo, anasema mgeni hapangiwi saa ya kuondoka. Je, aende? Na abebe nini?

Binti Tukuyu (Houston)

Aende, baba, na mwambie mama asikasirike. Saa ya kumaliza huandikwa ili wenye watoto na wenye zamu ya asubuhi wajue namna ya kujipanga. Afike saa kumi na mbili na dakika chache, asitangulie, maana mwenyeji atakuwa bado anahangaika jikoni. Apike kitu cha kwetu kinachopakuliwa kwa urahisi, kama pilau au maharage ya nazi, kwa sababu chakula kitamletea maswali na maswali yatamletea mazungumzo. Akiamua kupika mboga za karanga, aandike kwenye kikaratasi kwamba zina karanga na akiweke kando ya bakuli, kwani huko wapo watu ambao karanga kidogo tu zinaweza kuwafunga pumzi. Na kabla hajaaga, amwalike yule msichana kwake na amtajie siku.