Mipaka ya vigezo vya keneli: tubaki na pointa au tuandike thamani yenyewe?

Swali – Mikindani, Mtwara

Ndugu zangu, heshima kwenu. Naandaa kiraka (badiliko la msimbo) kwenye sysctl, sehemu ya keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inayowezesha kusoma na kubadilisha vigezo vyake, na nimekwama. Katika muundo wa ctl_table, jedwali linaloeleza kila kigezo, kikomo cha chini cha kigezo hushikwa na extra1 na cha juu na extra2, lakini humo hamna namba: mna pointa isiyo na aina, inayoonyesha mahali namba ilipo. Kwa hiyo anayetaka kusema tu "kuanzia 0 hadi 1" hulazimika kutangaza vigeu pembeni, au kutumia SYSCTL_ZERO na SYSCTL_ONE, makro zilizoletwa mwaka 2019 ili vigeu hivyo visirudiwe katika kila faili. Je, si bora namba ziandikwe ndani ya jedwali lenyewe? Nawaomba mlionitangulia mnieleze nitakachovunja.

Jibu – Lindi mjini

Dada, sababu kubwa kuliko zote hujaitaja. Sisi wa huku tunaijua stakabadhi ya ghala: ni karatasi, korosho zenyewe ziko kwingine. Sasa fikiria stakabadhi isiyoandikwa uzito. Mwekaji aliweka kilo 4, mchukuaji anaamini ni kilo 8, basi anajazia gunia lake korosho za jirani. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2019 kwa fs.file-max, kigezo cha idadi ya juu ya faili zinazoweza kufunguliwa: extra1 ilielekezwa kwenye kigeu kiitwacho zero, ambacho ni int (namba kamili) ya baiti 4, ilhali proc_doulongvec_minmax, funksheni inayotarajia namba ya aina ya unsigned long, kwenye mashine za biti 64 husoma baiti 8. Ikasoma hadi nje ya kigeu, KASAN, chombo cha keneli cha kunasa makosa ya kumbukumbu, ikalibaini kosa, na kiraka cha kulirekebisha kikafuata. Kompaila haikuweza kumwonya yeyote, kwa kuwa pointa ya void hupokea anwani ya aina yoyote. Thamani ikikaa ndani ya jedwali, hakuna cha jirani kitakachoguswa.

Jibu – Masasi

Nakubaliana na kaka wa Lindi, ila nakusihi usizifute pointa. Kikomo cha chini cha kernel.pid_max, kigezo cha namba ya juu ya utambulisho wa michakato, huweza kubadilishwa mashine inapowashwa, kulingana na idadi ya prosesa, kwa hiyo huwezi kukiandika mapema. Tena upande wa mtandao extra1 na extra2 hubebeshwa mizigo isiyohusu mipaka kabisa, kama vile pointa ya kifaa cha mtandao. Tumia union, yaani nafasi moja ya kumbukumbu inayoshika kimojawapo kwa zamu, yenye pointa, int na unsigned long. Muundo hautakua, kwa sababu pointa na unsigned long zina ukubwa uleule, baiti 8 kwenye biti 64 na baiti 4 kwenye biti 32.

Ugumu wenyewe uko kwenye pointa tupu (NULL, isiyoonyesha popote). Leo maana yake ni "hakuna kikomo", lakini 0 iliyoandikwa ni kikomo halali, hivyo lazima iwepo alama ya kutofautisha. Baada ya mode, sehemu ya muundo inayoshika ruhusa za kigezo, kuna baiti 2 zisizotumika, zinatosha.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. La pointa tupu lilikuwa limenipita, na lingeharibu kila kigezo kisicho na kikomo cha juu, kwa kuwa kingegeuka kuwa na kikomo cha 0. Nitaanza na vigezo vya 0 hadi 1 vinavyopita kwenye proc_dointvec_minmax (funksheni ya namba za int), niweke alama baada ya mode, na pid_max sitaigusa.