Rangi za picha kati ya programu ya kuhariri na kivinjari: sRGB, Adobe RGB au Display P3?

Mwana_Ibanda, Bukavu

Salamu kwenu nyote. Ninampigia picha mama mmoja anayeuza vikwembe kwa njia ya intaneti, na wateja wake wengi ni Wakongo waishio Ubelgiji na Ufaransa. Hivi karibuni mteja alilalamika kwamba kitenge alichoagiza kilikuwa na maua mekundu yaliyotulia, lakini alichopokea kina wekundu wa kuwaka. Mimi nilikuwa nimekihariri katika Photoshop huku kitenge chenyewe kikiwa mezani, na vilifanana kabisa. Nilipofungua ukurasa wa duka katika Chrome nikaona mteja ana haki: maua yamepauka na ngozi ya msichana aliyevaa imekuwa ya kijivujivu. La ajabu ni kwamba nikiibofya picha ndogo ili ifunguke kwa ukubwa wake kamili, rangi zinarudi zilivyokuwa.

Kamera yangu hutoa JPEG za Adobe RGB (mmojawapo wa mifumo ya kuandika rangi kwa namba, kama vile sRGB na Display P3) tangu niliponunua, kwa kuwa niliambiwa ndiyo ya wataalamu. Sasa naona njia tatu: kubaki na Adobe RGB na kuviachia vivinjari kazi ya kutafsiri, kugeuza picha zote kuwa sRGB, au kuhamia Display P3 kama vijana wenye iPhone wanavyonishauri. Naomba mnilinganishie, hasa ninyi mnaoishi kwa kazi hii.

Fundi_Kadutu, Bukavu

Kaka, jibu lako limo katika ile picha ndogo. Ndani ya faili mna namba tu, na profaili ya rangi iliyopachikwa ndiyo inayoeleza namba hizo ni za rangi gani. Chukua wekundu kamili wa sRGB, yaani 255, 0, 0 (namba ya wekundu, ya kijani na ya samawati). Wekundu huohuo, bila kubadilika hata kidogo kwa jicho, katika Adobe RGB huandikwa 219, 0, 0. Profaili ikiwepo, Chrome huisoma na kukuonyesha wekundu uleule. Profaili ikiondolewa, Chrome haina la kufanya ila kudhani kwamba picha ni ya sRGB, basi 219 inasomwa kama 219 ya sRGB, na ua lako linafifia. Duka lako linapopunguza picha ili kutengeneza ile ndogo, bila shaka linaitupa profaili ili faili iwe nyepesi, ilhali ile kubwa linaiacha kama ulivyoipakia.

Kwa hiyo mimi nachagua sRGB bila kusita, tena ikiwa na profaili yake ndani. Mfumo huo ulitungwa na HP pamoja na Microsoft mwaka 1996 kwa kufuata skrini za kawaida za wakati ule, ukawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999, na ndio ambao kila programu huudhani pale isipoambiwa kitu. Hata mtu akiitupa profaili, hasara ni ndogo. Adobe RGB ya mwaka 1998 ilikusudiwa zaidi watu wa uchapaji, ambao wino wao unafika kwenye kijani na samawati ambazo sRGB haizifikii. Kama huchapishi, unabeba mzigo usio wako.

Jambo moja la kuangalia sana: katika Photoshop ya Kifaransa tumia «Convertir en profil», usitumie «Attribuer un profil». La kwanza hubadilisha namba ili rangi ibaki ileile, la pili huziacha namba na kubadilisha maana yake, na hapo ndipo wengi huharibu kazi kisha wakailaumu kamera.

Kamalondo_74, Lubumbashi

Namheshimu Fundi, lakini naona amewahi mno kuifungia mlango Display P3. Huku kwetu ninapiga picha za vinyago na mikufu ya malakiti, na kijani cha jiwe lile kikiingizwa ndani ya sRGB hukosa nguvu, likaonekana kama plastiki iliyopakwa rangi. Display P3 ina eneo la rangi (yaani jumla ya rangi inazoweza kubeba) kubwa kuliko sRGB kwa takriban asilimia 25, na simu za iPhone huipiga na kuionyesha tangu iPhone 7 ya mwaka 2016. Mnunuzi wangu akifungua picha kwenye simu ya namna hiyo, analiona jiwe karibu na lilivyo mkononi mwangu. Kwa nini nimnyime kwa sababu ya mwenzake mwenye skrini ya zamani?

Fundi_Kadutu, Bukavu

Mzee wangu, simnyimi mtu. Ninachohofia ni yule mwenye skrini ya kawaida. Kivinjari kikipata kijani kisichoingia katika skrini yake, hukikata kwenye ukingo, na vijani vitatu vilivyokuwa tofauti vinakuwa kimoja. Malakiti bila ile mistari yake ni nini? Kisha P3 iliyovuliwa profaili hupauka vilevile kama Adobe RGB, kwa hiyo katika duka la Mwana_Ibanda tatizo lingebaki palepale.

Kamalondo_74, Lubumbashi

Hilo la mistari ni kweli, na ndiyo maana mimi huweka faili mbili. Katika msimbo wa ukurasa wangu, elementi ya `picture` (sehemu inayokiambia kivinjari kichague picha ipi) ina sharti la `(color-gamut: p3)`: kifaa kinachoweza hupewa faili ya P3, vingine vyote hupewa ya sRGB ambayo nimeigeuza mwenyewe nikiwa naiangalia mistari. Nakubali kwamba njia hii inamfaa mtu anayeweza kuugusa msimbo wa tovuti yake, na kwamba aliyepanga kibanda katika duka la mwingine hana uwezo huo.

Wa_Himbi, Goma

Niongeze lililonipata mimi, kwa sababu linafanana na hili lakini chanzo chake ni kingine. Nilinunua skrini iliyokwisha kutumika, yenye eneo pana la rangi, nikatengeneza ukurasa ambao mandhari yake ni ya udongo mwekundu, na picha juu yake ina mandhari ya namba zilezile ili mshono usionekane. Katika Chrome mshono haukuwepo. Katika Firefox kukawa na mstatili dhahiri: picha imetulia, ukurasa unaouzunguka unawaka kama pilipili.

Nilihangaika siku mbili kabla ya kufungua `about:config`, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, na kutafuta `gfx.color_management.mode`. Niliikuta kwenye 2, maana yake Firefox ilikuwa inashughulikia picha zenye profaili peke yake, na rangi za ukurasa ilizipeleka kwenye skrini bila tafsiri yoyote. Nilipoweka 1, kila kisicho na profaili kikachukuliwa kuwa sRGB, na mshono ukatoweka. Hata hivyo, nilikuwa nimeponya kompyuta yangu tu; mgeni mwenye skrini kama yangu bado atauona. Kwa hiyo sasa situmii tena rangi ya ukurasa inayotakiwa kulingana kabisa na ukingo wa picha. Natumia picha ya PNG yenye mandhari ya uwazi, isiyo na rangi, ukurasa wenyewe ukaonekana chini yake.

Dada_Nyawera, Bukavu

Nyote mmezungumzia faili, lakini hakuna aliyemuuliza kaka yetu kuhusu skrini yake. Photoshop na Chrome zote mbili hupitisha rangi katika profaili ya skrini iliyosajiliwa kwenye kompyuta, na profaili hiyo ikiwa mbovu, zote mbili zitakudanganya kwa pamoja, tena kwa kukubaliana. Sisi watatu tumechanga tukanunua kifaa cha kupimia skrini, tunakipokezana, na kila mmoja huisawazisha yake kwenye weupe wa D65 (kiwango cha weupe wa mwanga wa mchana) na gamma ya 2.2 (jinsi mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe). Kabla ya hapo nilihariri harusi nzima jioni moja huku ile hali ya usiku ya Windows, inayotia skrini unjano, ikiwa imejiwasha. Nguo ya bibi harusi niliipeleka samawati hadi ikawa kama sare ya shule.

Na hapa kwetu kuna umeme. Kompyuta mpakato nyingi hupunguza mwangaza zenyewe zinapohamia kwenye betri, nawe bila kutambua unaanza kuing'arisha picha ili kufidia. Zima mpangilio huo kwanza.

Mwana_Ibanda, Bukavu

Nimerudi na majibu. Nimezigeuza picha arobaini za duka kuwa sRGB kwa «Convertir en profil», nikaacha profaili ndani, nikazipakia upya. Picha ndogo na kubwa sasa zinalingana katika Chrome na katika Firefox. Niliipakua ile ndogo na kuifungua katika Photoshop, nayo ikaniambia haina profaili yoyote, kama Fundi alivyosema. Kamera nimeihamishia kwenye faili ghafi (RAW, picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kuandaliwa) pamoja na JPEG ya sRGB, na faili ghafi ninazitunza kwa ajili ya siku ambayo mama atataka kuchapisha bango.

Dada, kuhusu mwangaza umenishika pabaya. Nilichomoa waya wa umeme nikiitazama skrini, na ikafifia mbele ya macho yangu. Picha sita kati ya zile arobaini nilizihariri usiku umeme ulipokatika, na zote sita ni nyeupe kupita wenzake, kwa hiyo nazianza upya kesho mchana. Na kama kifaa chenu kina nafasi wiki hii, nitapanda hadi Nyawera kukiazima. Niambie tu mchango wangu ni kiasi gani.