Mwanangu amekataa kumpa bibi yake mkono, anasema ana wadudu. Naomba ushauri

Mama K wa Pasua
Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi, nina binti wa miaka 4. Mwezi wa tano aliharisha sana, akatibiwa akapona, basi nikaamua kumfundisha usafi kwa nguvu zote. Kila akishika chini namwambia, "Acha! Wadudu hao, watakuingia tumboni wakutafune." Kunawa sasa anakimbilia mwenyewe.

Jumamosi tukapanda Kibosho kwa mama mkwe. Bibi ndiyo kwanza anatoka bandani kuwapa ng'ombe majani, akanyoosha mkono asalimiwe. Mtoto akaficha wake mgongoni: "Sitaki, bibi ana wadudu." Mbele ya mawifi zangu wote. Bibi hakusema neno, akaenda kunawa, lakini uso wake niliuona. Mchana mtoto hakugusa hata zile ndizi alizopikiwa. Usiku ananiuliza kama wadudu bado wanamtafuna.

Nimwambieje jamani? Sitaki aache kunawa, wala sitaki aogope watu.

Mwalimu wa Awali, Sakina
Pole sana dada. Umri huo ukimwambia "wanatafuna", anaona meno. Mimi darasani huwa nasema vijidudu, vidogo kuliko vumbi, havina meno wala hasira.

Jaribu hivi: weka maji kwenye sahani, nyunyiza pilipili manga ya unga juu yake. Achovye kidole, pilipili itaganda kidoleni. Kisha kidole kingine kipake sabuni ya maji, achovye tena. Pilipili yote itakimbilia pembeni. Wangu hurudia mpaka pilipili inaisha.

Nesi wa Zamu
Hilo ni zuri, ila usimwache aamini kwamba vijidudu vinaikimbia sabuni. Pale sabuni imelegeza ule utando wa juu ya maji, ndiyo maana pilipili inasogea. Mkononi kazi yake ni kulegeza mafuta na uchafu ambao vijidudu vimeng'ang'ania, halafu maji yanayotiririka yanavibeba. Kwa hiyo lile beseni moja la kunawa familia nzima kabla ya kula liacheni. Wa mwisho ananawa uchafu wa wote waliomtangulia. Chukua jagi, mtu ammiminie mwenzake, asugue kwa sabuni sekunde 20, hata katikati ya vidole.

Na mpe nyakati, siyo watu wa kuogopa: akitoka chooni, kabla ya kula, akishika mifugo au udongo.

Mzee wa Kiborloni
Sisi tumekulia kwenye udongo na tupo. Mwacheni mtoto acheze.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Acheze, nakubali kabisa. Ila mayai ya minyoo yanakaa kwenye udongo huo huo na hayaonekani kwa macho, ndiyo maana anawe akimaliza.

Mjukuu wa Kihamba
Mama K, mimi naona dawa iko kwa bibi mwenyewe. Ana ng'ombe, bila shaka anagandisha maziwa. Mwombe amwonyeshe mjukuu anavyoyachemsha, yakipoa yakabaki vuguvugu anachanganya kijiko cha mgando wa jana, anafunika. Kesho yake yameganda. Mwambie waliofanya kazi hiyo usiku kucha ni vijidudu, wale wema. Vipo vinavyoharisha, vipo vinavyotupa mtindi. Tena kabla ya kushika sufuria wanawe wote wawili, bibi na mjukuu, dumu moja. Mtoto akiona bibi naye ananawa, hatamwona mchafu tena.

Mwalimu wa Awali, Sakina
Hapo umenigusa. Na wewe Mama K, muombe mtoto radhi kwa lile la kutafunwa. Mwambie mama alikosea, hakuna anayekutafuna.

Mama K wa Pasua
Nimemwambia jana usiku. Akauliza, "Hata kidogo?" Nikamjibu hata kidogo, akalala. Leo nimempigia bibi, nikamwomba msamaha kwanza, kisha nikamweleza habari ya maziwa. Amesema tupande Jumamosi mapema. Baba wa mtoto anataka atengeneze kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia la lita 5 linaloinama ukikanyaga kijiti chenye kamba, tukakifunge kule karibu na banda, mtoto awe anakanyaga kijiti mwenyewe. Tundu analitoboaje?

Mjukuu wa Kihamba
Msumari wa inchi 2, aupashe moto, atoboe chini kidogo ya mfuniko. Tundu liwe dogo, likiwa kubwa maji yataisha kabla mtoto hajamaliza sabuni.