Naomba ushauri: mapanga ya resori (springi za gari) yanapasuka yakizamishwa majini

Wandugu mafundi wa Bukavu na Goma, karibuni mnisaidie. Hii ni karakana ya uhunzi ya kizamani kando ya ziwa: mivukuto ya ngozi, fuawe ya kipande cha reli, moto wa makala.

Mapanga yanafuliwa kutoka resori bapa za gari, unene milimita 7, makali yanashushwa hadi 2. Chuma kinapashwa mpaka sumaku isishike tena (karibu digrii 770), kinaongezwa moto kidogo, kisha majini. Katika mapanga kumi, matatu yanapasuka, ufa ukianzia kwenye makali. Sauti ile ndogo, "ti", inauma sana.

Sababu naiona: chuma chenye kaboni ya karibu 0.6% hakivumilii maji, na makali membamba yanapoa kabla ya mgongo. Kwa hiyo nawaza kuzamisha kwenye mafuta badala ya maji. Nani amejaribu mawese? Kwa baridi ya Bukavu yanaganda. Je, yapashwe hadi digrii 50 kwanza? Lita ngapi kwa panga la sentimita 45? Mafuta machafu ya motere sitaki, moshi wake ni sumu.

Na kulegeza ugumu (kupasha panga tena kidogo baada ya kulizamisha) bila kipimajoto: rangi inayotokea juu ya chuma, mnasimama kwenye kahawia, au mnasubiri zambarau? Kwenye njano makali yanamegeka yakigonga fundo la mti.

Resori iliyochoka je, nyufa zake mnazitambuaje kabla ya kufua?